Giaboksi Yenye Kiu

Gari langu lilianza kunisumbua mwezi wa pili. Asubuhi nilikuwa naweka gia ya kwenda mbele, naachia breki, na gari linabaki pale pale kana kwamba halijasikia. Nahesabu moja, mbili, tatu, nne, ndipo linashtuka kwa kishindo na kuondoka. Mwanzoni nililaumu baridi. Hapa London baridi hubebeshwa lawama nyingi, na hii nayo nikaitwisha.

Baadaye likaanza kusumbua mlimani. Upande wa Harrow ninakofanya kazi kuna kilima ambacho lazima nikipande kila siku. Nikikanyaga mafuta, injini ilinguruma na mshale wa resi ukapanda, lakini gari lenyewe lilijikokota, kama mtu anayepiga kelele za kazi huku mikono yake haijashika kitu. Nyuma yangu magari yalipanga foleni. Nilikuwa naangalia mbele tu.

Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani mwao. Watanzania wa huku kazi zote za namna hii tunaziita kubeba boksi, ingawa mimi boksi sijawahi kubeba. Nainua watu kitandani, nawaogesha, nawapa dawa na chai, nawaacha wamevaa soksi. Zilikuwa nyumba saba kila asubuhi, na kila nyumba ina dakika zake. Bila gari mzunguko ule hauwezekani. Na gari lenyewe lazima liwe otomatiki, kwa sababu nilifanya mtihani wa udereva kwa gari la otomatiki, na sheria ya hapa inasema ukifaulu hivyo, leseni yako ni ya otomatiki tu. Kwa hiyo hata rafiki aliyekuwa tayari kuniazima gari lake la gia za mkono hakuweza kunisaidia.

Wiki niliyochelewa mara tatu, msimamizi wa zamu alinipigia simu. Hakuwa mkali. Alisema anaelewa, kisha akasema kwamba kama Jumatatu saa moja asubuhi sitakuwa na gari la kutegemewa, mzunguko wangu atapewa mwingine. Mimi ningehamishiwa upande mwingine wa jiji, kwenye nyumba mbili tatu za kufikia kwa miguu. Siku hiyo ilikuwa Jumatano. Nilikuwa na miaka minne na wazee wale saba. Kulikuwa na bibi mmoja aliyekubali kumeza vidonge kama tu tutavihesabu pamoja kwa lugha yangu. Nani mwingine angehesabu naye?

Alasiri ile ile nililipeleka gari gereji. Kijana wa pale alichomeka kompyuta yake chini ya usukani, akasoma, akatikisa kichwa. Alisema giaboksi imekufa. Kuibadilisha kungezidi thamani ya gari lote, kwa hiyo ushauri wake ni niliuze kama chuma chakavu.

Nilimpigia simu mdogo wangu, kitindamimba wetu, anayeishi Ilford na kufanya kazi ya kompyuta ofisini. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Dada, achana na huo mkweche. Fundi ameshasema. Wewe mambo ya magari hujasomea."

Hakuwa na nia mbaya. Lakini neno lile likinigusa huwa linagusa mahali pake. Baba yetu alifariki kitindamimba akiwa na miaka minne, na Mama akamfuata baada ya miaka miwili. Nilikuwa kidato cha pili. Nilirudisha vitabu vya shule, nikaanza kuuza vitumbua asubuhi na mboga jioni, na wadogo zangu wawili wakasoma. Sijajuta. Ila kuambiwa sijasomea kitu fulani bado kunaniuma.

Siku ile nilimjibu kwamba kwa oili na maji ya gari hakuna wa kunifundisha. Baba alikuwa dereva wa lori la mbao kule Mafinga, na kila alfajiri kabla hajaondoka alinisimamisha kwenye bampa nimpimie oili. Sheria yake ilikuwa moja: oili hupimwa injini ikiwa imelala, maana injini ikiwaka inakudanganya. Niliponunua gari hili London niliishika sheria hiyo. Kila Jumapili kabla ya kwenda kanisani, injini ikiwa baridi, nilifungua boneti na kuvuta vijiti vyote viwili, cha injini na cha giaboksi. Nilivifuta, nikavirudisha, nikavisoma. Cha giaboksi sikuzote kilionyesha oili imejaa vizuri. Kwa hiyo nilijua kwamba kama giaboksi imekufa, haikufa kwa uzembe wangu.

Alhamisi nilifika nyumba ya tatu nikiwa nimechelewa kwa dakika kumi. Anayeishi pale ni mzee wa Kihindi mzaliwa wa Tanga. Baba yake alikuwa na karakana huko, na yeye alikuja London akiwa kijana, akatengeneza giaboksi za watu mpaka mikono ilipoanza kumtetemeka. Sasa anakaa kwenye kiti cha magurudumu, na chumba chake kiko mbele, dirisha linatazama pale ninapoegesha. Kiswahili chake ni kile cha Tanga ya ujana wake, na alikuwa akinitumia mimi kukipiga msasa, hasa kwa maneno ya kukaripia.

Nilipoingia alikuwa tayari ananisubiri.

"Gari lako lina ugonjwa wa kufikiri," alisema. "Umeliondoa pale kwenye taa, limefikiri kwanza, ndiyo likaja."

Nikamwambia giaboksi imekufa.

"Nani kakwambia?"

"Kijana wa gereji. Ameona kwenye kompyuta."

"Kijiti alikivuta?"

Hakukivuta. Mzee akasema basi yule ameandika cheti cha kifo bila kumshika mgonjwa mkono. Kisha akaniuliza mimi mwenyewe huwa napimaje oili ya gia. Nilimweleza kwa fahari, huku namvua shati: kila Jumapili, injini imezimwa, imepoa kabisa. Alicheka mpaka nikalazimika kumshika bega asiteleze kwenye kiti.

Alipopata pumzi alinifafanulia. Injini ikizimwa, oili ya giaboksi ya otomatiki hutiririka na kurudi chini, kwenye lile sinia la chuma liitwalo sampo, na kijiti kinaonyesha neema ambayo haipo. Injini ikiwaka, pampu huivuta na kuipeleka juu ikafanye kazi. Ni hapo tu, gari likiwa limeshika moto, utajua kama iliyopo inatosha.

"Nani alikufundisha upuuzi huo?" aliuliza.

"Baba yangu."

Nilimvalisha shati safi, nikafunga vifungo vyote, ndipo akauliza, kwa sauti ya chini, baba aliendesha gari gani. Nikamwambia lori la mbao.

"Lori lina gia za mkono, na alikuwa anapima oili ya injini," alisema. "Kwa lori lake alisema kweli tupu."

Nilitoka pale nikiwa na hasira ambayo sikujua niielekeze wapi.

Binti yake, anayeishi naye, anakielewa Kiswahili chote lakini hujibu kwa Kiingereza. Ndiye aliyepiga simu kwa msimamizi wangu kuuliza kama naweza kuja Jumamosi, siku yangu ya mapumziko, kama mgeni, ili baba yake anielekeze kwenye gari. Msimamizi akasema siku ya mapumziko ni yangu, mradi mzee asishike kazi yoyote ya hatari. Binti alimkumbusha baba yake sharti hilo mara mbili. Mzee akasema yeye hatashika kitu, atashika mdomo tu, na hilo nalo hakulitimiza.

Jumamosi nilizunguka na gari dakika ishirini ili lipate moto, kisha nikaliegesha mbele ya nyumba yao, mahali palipo tambarare. Mzee alikuwa mlangoni, blanketi magotini. Kwa amri yake niliacha injini ikiwaka, nikavuta breki ya mkono, nikakanyaga breki ya mguu na kupitisha gia zote moja moja, nikitulia kwenye kila moja, mpaka nikarudi kwenye ya kuegesha. Nikashuka, nikavuta kijiti, nikakifuta, nikakirudisha, nikakivuta tena.

Kilikuwa karibu kikavu. Ncha peke yake ndiyo iliyolowa.

Nilisimama nimekishika. Nilifikiria Jumapili zote zile, kitambaa safi mkononi, naangalia alama ya uongo na kuiamini.

"Usikae ukikiombolezea, kilete," mzee aliita.

Nilipangusa ile ncha kwa karatasi nyeupe na kumpelekea. Mikono yake ilitetemeka mno, kwa hiyo nilimshikia karatasi puani. Alinusa kama mpishi. Akaniambia ninuse mimi pia, kisha nisugue ile oili kati ya vidole. Ingekuwa inanuka chakula kilichoungua, na ingekuwa na chenga kama mchanga, yule kijana wa gereji angekuwa amesema kweli. Ilikuwa ya kahawia badala ya nyekundu, lakini haikunuka moto, na vidoleni ilikuwa laini.

"Haijafa," alisema. "Ina kiu."

Ikabaki kujua oili inakwenda wapi. Binti alileta boksi la karatasi, tukalikunjua na kulisukuma chini ya gari, tukaenda kunywa chai. Tuliporudi kulikuwa na matone upande wa mbele, karibu na rejeta. Kuna mpira unaopeleka oili ya gia huko ikapozwe. Ulikuwa umepasuka pembeni, na kibanio chake kimeliwa na kutu. Nikakiri kwamba kwa miezi mingi nimeona madoa kama yale pale ninapolaza gari, nikadhani ni ya jirani. Mzee alisema jirani anastahili kuombwa radhi.

Alisisitiza kwamba chujio jipya na gasketi, kile kipande cha kuzuia sampo isivuje, vya giaboksi yangu vipo kwenye banda lake, tangu enzi za kazi. Binti alivitafuta karibu nusu saa, akavikuta chini ya masanduku ya nguo. Havikuingiana na gari langu, matundu yalikuwa tofauti. Mzee alinitaka nigeuze gasketi upande wa pili, kisha upande wa kwanza tena, halafu akawalaumu watengenezaji wa gari. Nilipanda basi kwenda duka la vipuri na kitabu cha gari mkononi. Alikuwa amenionya nisichague oili kwa rangi, maana karibu zote ni nyekundu. Nichague kwa jina lililoandikwa kitabuni, herufi kwa herufi.

Mchana tulianza kazi yenyewe, na nikisema tulianza namaanisha mimi. Nilipandisha gari kwa jeki, nikaweka stendi za chuma chini yake, nikazuia magurudumu kwa mbao. Mzee alinikataza nisiingie chini mpaka nilisukume gari kwa nyonga tuone kama litatikisika. Halikutikisika. Nililegeza bolti za sampo, za upande mmoja zaidi ya upande wa pili, ili sampo iiname na kumwaga taratibu. Oili ilitoka nyeusi kuliko nilivyotegemea, na sehemu yake iliingia kwenye mkono wa sweta langu mpaka kwenye kiwiko.

Ndani ya sampo kulikuwa na sumaku mbili ndogo zilizovaa tope la kijivu, laini kama majivu. Nilimpelekea mzee. Aliziangalia kwa muda mrefu akitafuta vipande vya chuma. Havikuwepo.

"Huo ni uzee tu," alisema. "Hata mimi mkinifungua mtaukuta."

Nilisafisha kila kitu kwa petroli kidogo na kitambaa kisichoacha nyuzi, nikafunga chujio jipya, gasketi mpya, mpira mpya na vibanio vyake. Kisha nikaanza kukaza bolti za sampo nikizifuata kwa mzunguko, moja baada ya nyingine, kwa nguvu ile ile niliyobebea ndoo za maji maisha yangu yote. Mzee hakuweza kuniona nikiwa chini. Nilipotia oili na kuwasha injini, kona moja ya sampo ilianza kudondosha.

Akaniuliza nilikaza vipi. Nilipomwambia, alifumba macho. Alisema bolti zile ni ndogo, hukazwa kwa kuvuka, moja huku na inayofuata upande wa pili, kidogo kidogo, na spana ishikwe kwa vidole viwili. Nilikuwa nimeibana gasketi upande mmoja ikatoka nje. Ilibidi kumwaga oili yote kwenye beseni safi na kuanza upya, na gasketi nyingine ilibidi inunuliwe. Duka lilikuwa limeshafungwa.

Nilirudi kwangu kwa basi, nanuka oili, na watu wakaniachia kiti kizima. Jumatatu ilikuwa inakuja na gari langu lilikuwa limekaa juu ya stendi mbele ya nyumba ya watu.

Jioni hiyo mdogo wangu alipiga simu kujua nimefikia wapi. Nilimsimulia yote, pamoja na kijiti na sheria ya Baba. Alicheka, kisha akaacha kucheka.

"Kumbe Baba hakujua?" alisema.

Nilimwambia Baba alijua lori. Otomatiki hakuwahi hata kuigusa. Mimi ndiye niliyelichukua neno lake na kulihamishia mahali ambapo hakulisemea.

"Maana mimi Baba simkumbuki," alisema. "Baba yangu ni yale uliyokuwa unatuambia. Baba alisema tusilale na miguu michafu. Baba alisema mtu haachi mboga kwenye sahani."

Nilikuwa nimechoka, na labda ndiyo maana nilisema kweli. "La mboga nililitunga mimi."

"Nini?"

"Na la miguu. Mlikuwa hamnisikilizi. Nikisema Baba alisema, mnasikia."

Alicheka safari hii mpaka nikasikia anaweka simu mezani. Nilikaa nikimsubiri kwa aibu, kwa sababu kwa miaka zaidi ya ishirini hilo nilikuwa nimelificha kama wizi. Aliporudi sauti yake ilikuwa nyingine.

"Basi kesho usiende kanisani, kamalize gari," alisema. "Baba alisema."

"Baba alisema lini?"

"Na mimi natunga. Nimefundishwa na wewe."

Jumapili duka la vipuri lilifunguliwa saa nne, na mimi nilikuwa mlangoni. Nilifunga gasketi mpya kwa kuvuka, vidole viwili, kidogo kidogo, nikimtajia mzee kwa sauti kila bolti niliyoigusa. Yeye alihesabu nami kutoka mlangoni. Nilishusha gari, nikarudisha oili kidogo kidogo injini ikiwaka, napima, naongeza, napima, mpaka ikafika kati ya alama mbili, nyekundu na safi. Boksi la karatasi chini ya gari lilikaa kavu kwa saa nzima.

Nikaingia ndani ya gari, nikaweka gia ya kwenda mbele, nikaanza kuhesabu kwa mazoea. Sikufika mbili.

Mzee alitaka kuja na mimi na binti yake akamwambia hapana kwa lugha tatu. Nilikwenda peke yangu mpaka kwenye kilima. Chini kabisa nilikanyaga mafuta, na injini na gari vikaondoka kwa pamoja. Gia ilipobadilika kutoka ya pili kwenda ya tatu ilinigonga mgongoni, si kama zamani, lakini ilinigonga. Niliendelea. Juu ya kilima niliegesha, nikainama nikaangalia chini. Hakuna tone.

Nilipomweleza mzee kuhusu kule kugongwa hakushangaa. Ukifungua sampo unatoa kama nusu tu ya oili. Iliyobaki inakaa juu ndani na uchafu wake. Alisema niendeshe wiki tatu, kisha tumwage na kujaza tena, na nisimruhusu mtu yeyote aisafishe giaboksi hiyo kwa mashine ya presha, kwa sababu tope la uzee likichokozwa kwa nguvu huenda kuziba vitundu vidogo. Nilimuuliza kama itapona kabisa.

"Itafanya kazi," alisema. "Kupona kabisa wanapona watoto."

Jumatatu niliondoka saa kumi na mbili na robo. Saa moja kamili nilikuwa nyumba ya kwanza, nikabonyeza kwenye simu kwamba nimefika, na msimamizi akaona huko aliko. Nyumba ya pili tulihesabu vidonge, moja mpaka sita. Nyumba ya tatu mzee alinikagua kucha kabla hajaniruhusu nimguse, akasema bado zina oili na sabuni ya jikoni ndiyo itakayozitoa. Nilimwogesha kama siku zote. Yeye alilalamikia maji kuwa ya moto, na mimi nikalalamikia kulalamika kwake.

Nilimaliza nyumba ya saba dakika nne kabla ya wakati. Nilikuwa nimekaa garini nakula chapati iliyopoa ujumbe ulipoingia. Ilikuwa orodha ya wiki inayofuata. Nyumba zangu saba zilikuwepo zote, na chini yake ya nane, ya mama mmoja aliyetoka hospitali juzi, anuani yake juu kabisa ya kilima. Msimamizi aliuliza kama gari langu litaweza.

Nilifuta mikono, nikamwandikia kwamba litaweza, nikamuuliza yule mama huamka saa ngapi.